Gemu letu la vita ya 1914: Mjerumani hakamatiki, Mwingereza analia. Tufanyeje mwendo wa vikosi?

#1 sega_la_tandika

Wakuu salama humu. Uzi mrefu kidogo huu, mwenye haraka apite tu.

Mie na washkaji wangu watatu huku Tandika tuna gemu letu la mezani tunaliunda toka mwaka jana, la zamu kwa zamu, vita ya kwanza ya dunia upande wa huku kwetu, Mjerumani na Mwingereza, Agosti 1914 mpaka Novemba 1918. Ramani tumechora wenyewe, tukaenda kuitoa steshenari moja Kariakoo kwenye karatasi kubwa lile la michoro ya nyumba, tumeigawa masega, yani vichumba vya pembe sita kama sega la nyuki, kila sega kilomita 50 hivi na kila zamu ni mwezi mmoja. Vikosi ni vizibo vya soda kama kwenye drafti. Mjerumani anaanza na vizibo 14 kwa vile vita inaanza alikuwa na kampuni 14 za askari, hapo hatujabuni.

Sasa shida ni mwendo. Kanuni zetu ni hizi: askari wa miguu hatua 3 kwa zamu, farasi 6, mzinga 1. Sega la kawaida linakula hatua moja, msitu au mlima mbili, ukivuka mto unaongeza moja. Ukiingia sega linalopakana na adui unasimama hapohapo, hatua zilizobaki zinakufa. Treni unapanda popote unashuka popote, hesabu moja tu.

Tumecheza mara sita, Mjerumani kashinda zote sita. Na sio kwa akili, kwa kanuni. Leo ana vizibo 14 vyote Moshi, mwezi ujao vyote Tanga, mwezi unaofuata vyote viko Dar, wote haohao, utadhani wana mapacha. Najua mtasema ndo ilivyokuwa, kweli Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na watu kama elfu nane, jamaa akateremsha kampuni zake kwa treni toka Moshi, akiwa na watu elfu moja hivi akawarudisha melini (na nyuki wakasaidia, nyuki tumewawekea dadu yao). Lakini hakuhamisha jeshi la nchi nzima kila mwezi kama anahama chumba cha kupanga.

Halafu kuna ukuta. Hii kanuni ya kusimama ukigusana, mshkaji mmoja kagundua ukiweka kizibo, ukaacha masega mawili, ukaweka kingine, mtu hapiti. Vizibo vitano tu kafunga toka Tanga mpaka Ziwa Victoria. Vitano! Mwingereza kukomoa akanunua farasi watupu, hatua 6, wakazunguka kwa magharibi mwezi wa pili wako Tabora wanakunywa asali. Kwahiyo upande mmoja ukuta upande mwingine ndege, katikati hamna vita.

Jumapili iliyopita aliyekuwa Mwingereza kapiga mkono ramani, vizibo vikaruka, kimoja kikatua kwenye chai ya mzee wa watu jirani. Mzee kanywa chai yake kizibo kimo, hakusema kitu. Tumeona tuje humu kabla hatujafukuzwa barazani.

Wazo letu ni kupunguza hatua, miguu 2 na farasi 4. Mnaonaje?

#2 ngojawaje

Siti ya mbele, karanga ninazo. Tuendelee.

#3 FundiDadu

Mleta mada ukipunguza hatua utakuwa umepunguza tu, matatizo yako palepale ila yanatembea polepole.

Anza na treni. Wewe unaona tatizo ni spidi, tatizo ni kupakia. Nenda Kimara saa kumi na mbili asubuhi, basi la mwendokasi likishaondoka linakimbia sawa, njia yake peke yake, lakini wewe uko kwenye foleni unaangalia la tatu hilo linajaa. Ukifika Kivukoni umechelewa na basi halikuwa na kosa. Kwahiyo acha treni iende popote ila vizibo viwili kwa mwezi kwa kila reli, basi. Mzinga unahesabiwa kama vizibo viwili.

Na nikuulize, mshkaji wako alitokaje Moshi akafika Dar kwa treni?

#4 sega_la_tandika

Tanga, Korogwe, anashuka Ruvu, Dar. Kwani?

#5 FundiDadu

Hahahaaa. Mkuu hiyo reli ya kushuka Ruvu imejengwa 1963. Wakati wa Mjerumani kulikuwa na reli mbili ambazo hazijuani, ya Tanga kwenda Moshi, na Reli ya Kati toka Dar ambayo ilifika Kigoma 1914 hiyohiyo. Katikati ni miguu. Vita ilipokolea walitandika kijireli cha kutoka Mombo kuelekea Handeni, vitoroli vinasukumwa kwa mikono. Mmechora ramani ya leo mkapiganisha watu wa juzi.

#6 sega_la_tandika

Aisee. Nimefungua ramani sasa ivi hapa, nusu ya ushindi wa Mjerumani umepita kwenye hicho kipande. Tunakifuta kwa peni nyeupe kesho.

#7 kipanyaX

Kuhusu ukuta, wacheza gemu za kompyuta wameshalia kilio hicho miaka mingi. Kuna Battle for Wesnoth, ile ya bure, mle kila kikosi kinakaba masega yanayokizunguka ukiingia unasimama kama kwenu, ILA vikosi vya levo sifuri havikabi kitu. Yani kibarua mwenye rungu hazuii jeshi. Fanyeni ivo, kizibo kikishapigwa kikageuzwa upande wa majeruhi kinapoteza haki ya kukaba. Na kizibo kizima msikipe nguvu ya kumsimamisha mtu, kimtoze tu hatua moja zaidi. Beki anakuchelewesha, hakufungi kamba.

Halafu hapo kwenye msitu hatua mbili, mmeamua mtu aliyebakiwa na moja anaingia au haingii? Kwenye Civilization V ukibakiwa hata na kipande cha hatua unaingia mlimani freshi, kwenye Civilization VI wakabadilisha, huna hatua za kutosha ubaki nje. Kitu kidogo ivo lakini kasi ya gemu zima ilishuka, watu wakalalamika miezi. Andikeni mapema, msije kugombana mkiwa mezani.

#8 sega_la_tandika

Haingii. Kwa sasa. Tuligombana tayari.

#9 Shimo la Nyumba

Mie sijui gemu za kompyuta, mie mtu wa bao, ila nimesoma uzi wote nikaona niseme kimoja. Kwenye bao mashimo 32 kete 64, hamna kete yenye hatua zake. Safari yako urefu wake ni kete ulizochota, umechota tatu unafika shimo la tatu, umechota kumi unazunguka. Mzigo ndo mwendo. Nyie mnagawa mwendo kama mshahara, huyu tatu huyu sita, kila mwezi, ameshiba ana njaa ni sawa tu.

Vita nadhani ni bao lililopinduliwa, aliyebeba vingi hafiki. Lakini bado ni mzigo ndo unaamua. Sijaona mzigo kwenye gemu lenu.

#10 ngojawaje

Mzee kaua.

#11 dada_wa_hesabu

Mzee hapo juu kanifungulia mlango, naingia na viatu.

Nyie vijana mnaishi Dar, karatasi mmeitoa Kariakoo, na hamjaweka wapagazi kwenye gemu. Kariakoo jina lake limetokana na Karia Koo, kikosi cha wabeba mizigo cha Mwingereza, walikuwa na kambi palepale. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya elfu arobaini, wengi kwa ugonjwa na njaa sio risasi. Hao ndo walikuwa mwendo wenyewe. Askari bila mpagazi ni mtu kasimama porini na bunduki.

Shikeni hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kilo moja ya unga kwa siku. Kilomita 25 kwa siku, kwahiyo sega lenu moja ni siku mbili. Anaenda anarudi, na kote anakula kwenye mzigo huohuo aliobeba kichwani. Ghala likiwa sega moja nyuma ya jeshi, anakula siku mbili kwenda mbili kurudi, kilo 4, anafikisha 21. Masega mawili anafikisha 17. Matatu 13. Manne 9. Matano 5. Sita, anafikisha kilo MOJA. Mtu katembea siku 24 kwenda na kurudi kuleta kilo moja ya unga. La saba hafiki, atakuwa na deni.

Na mwezi wenu wa siku 30 unaingia safari hiyo nzima, kwahiyo zamu yenu ilikuwa sahihi bila nyie kujua.

Masika je? Matope, sega moja siku tatu. Anafikisha 19, 13, 7, 1, kwisha. Sasa chukueni Arusha mpaka Kondoa kwenye ramani yenu, masega matano. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini walifika Kondoa wakaikamata, mvua ikashuka, barabara zikafunga nyuma yao, wakabaki pale wanaumwa na njaa wiki kwa wiki. Hesabu yangu inasema sega la tano wakati wa masika hakifiki kitu. Sijailazimisha, imekuja yenyewe.

Kwahiyo msiguse hatua. Acheni miguu 3. Wekeni ghala, na aliye mbali na ghala kuliko anapofika mpagazi asitembee, mwezi wa pili apoteze kizibo.

#12 kipanyaX

Dada heshima yako, ila hilo ni gemu au mtihani wa fomu foo? Nani atakaa Jumapili anatoa nne nne kwa vizibo ishirini? Gemu likihitaji kikokotoo watu wanarudi kwenye karata.

#13 FundiDadu

Nakazia alichosema kipanya. Hesabu nzuri, mezani haichezeki.

#14 dada_wa_hesabu

Nani kasema mkokotoe? Kateni uzi. Uzi wa kushonea. Urefu masega matano, pigeni fundo kwenye la tatu. Ncha moja ghalani, nyingine kwenye kikosi. Kiangazi uzi mzima, masika mnaishia kwenye fundo. Ukifika umekula, haufiki hujala. Mtoto wa la pili anaweza. Hesabu nimeshawafanyia mie, nyie vuteni uzi.

#15 Shimo la Nyumba

Uzi ndani ya uzi. Nimeridhika.

#16 kipanyaX

Nimesanda. Uzi upite.

#17 mjukuu_wa_Ugogo

Samahani naingilia. Hapo kwenye kula kuna njia nyingine hamjaisema, na kwetu Dodoma inajulikana sana kwasababu ilitupata sisi. Jeshi likikosa mpagazi halikai na njaa, linaingia kijijini. Linachukua mtama linachukua ng'ombe, linachukua na vijana wa kubeba huo mtama. Alipita Mjerumani akachukua, akaja Mwingereza akachukua kilichobaki, mvua nazo zikagoma. Njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya mpaka leo, wazee ukiwatajia wanabadilisha sauti.

Mkiweka hiyo kanuni, kikosi kisicho na uzi kinaweza kula sega kilipo, sawa, lakini sega hilo mligeuze, mweke punje ya mahindi au kokoto, na lisiliwe tena mpaka mwaka uishe. Na msiliache bure upande wa pointi. Bibi yangu hakuwa sega.

#18 sega_la_tandika

Ndugu yangu asante kwa hili, nimesoma mara mbili. Tunaweka. Kila kokoto itamkata pointi aliyeila, awe nani awe nani.

Farasi jamani, kuna mwenye neno? Na nani aanze zamu, maana anayeanza mwezi wa masika anaumia kuliko wa pili.

#19 FundiDadu

Farasi wape hatua zao 6 wala usiwapunguze, mbung'o watawapunguza. Walikufa kwa maelfu kwa hao mbung'o, wanaletwa wengine nao wanakufa. Kila mwezi kizibo cha farasi kikilala kwenye sega la pori, rusha dadu, ikitoka moja mpaka nne wamekufa, kinageuka kizibo cha miguu papo hapo. Mtu anunue akitaka, ni kama kununua barafu Dar saa saba mchana, uwe na haraka nayo.

Kuanza, vizibo vya rangi mbili kwenye soksi, mnachota. Kikitoka chake anatembeza vikosi vitatu, mnachota tena.

#20 kipanyaX

Soksi hapana. Hiyo ni bahati nasibu sasa. Mie ningesema aliye na pointi chache achague.

#21 FundiDadu

Na mie nasema soksi. Kamanda gani alikuwa anajua adui ataamka saa ngapi?

#22 ngojawaje

Karanga zimeisha ila siondoki.

#23 sega_la_tandika

Wakuu mrejesho. Tumecheza jana, tumeanza saa nane mchana tumemaliza mbu wanatung'ata. Tulianzia Machi 1916 ili tusikae mpaka alfajiri.

Reli imefutwa peni nyeupe inaonekana kama kovu lakini sawa. Vizibo viwili kwa mwezi, aisee, Mjerumani alikuwa na saba kaskazini, kukawa na ugomvi wa kweli wapi vishuke, alipeleka viwili Tanga vingine vikatembea kwa miguu Handeni, na kila aliyetembea alitaka uzi. Ukuta haupo tena. Alijaribu kuupanga, Mwingereza akalipa hatua moja moja akapenya katikati yake, ilikuwa raha kuangalia.

Farasi wanne walinunuliwa, wakafika Kondoa kwa mbwembwe, mwezi wa tatu kabaki mmoja. Huyo mmoja alikuwa nje ya fundo, masika imeingia. Mwenyewe akanyoosha uzi mara tatu, akauvuta kwa kidole, tukamwambia mzee hiyo pamba haivutiki, akala sega. Kokoto ya kwanza. Mpaka mwisho zilikuwepo 11 mezani na nyingi zipo kati ya Kondoa na Kilosa, tulipoziona zimekaa pamoja ivo watu wakawa kimya kidogo. Mjukuu wa Ugogo ningependa ungeziona.

Dar imeanguka zamu ya Oktoba, kweli ilianguka Septemba 1916, kwahiyo tumekosea mwezi mmoja, hiyo peke yake nilitaka kupiga vigelegele. Halafu Mwingereza akashangilia mapema akamfukuza hadi Rufiji bila kusogeza ghala, na mvua hizo, vizibo vitatu vimekufa njaa bila kurusha dadu hata moja ya vita. Mizinga ya meli ya Königsberg (ile iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, wakaopoa mizinga yote 10) tumeifanya iende sega moja na kila mmoja utumie nyuzi mbili, na Mjerumani akaamua mwenyewe kuulipua mmoja kwasababu askari wake walikuwa wanalala njaa ili mzinga upite. Hatukumwambia. Kanuni haikumwambia. Kaamua.

Soksi imepita kura tatu kwa moja, kipanya pole.

Nani kashinda? Hapo ndo kuna mpya. Mjerumani kakimbia kusini mpaka kabakiwa na vizibo vitano, Mwingereza nyuma yake, ghala baada ya ghala, kafika Ruvuma na sisi ramani yetu inaishia Ruvuma. Akasema navuka. Tukamwambia huwezi kuvuka hamna karatasi. Akasema Novemba 1917 walivuka wakaingia Msumbiji, wakazunguka huko karibu mwaka, wakaja kusalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 25, 1918, nyie kuishiwa karatasi sio tatizo langu. Na yuko sahihi. Tumebandika manila mbili kwa chini, na moja kwa kushoto kwa ajili ya hiyo Abercorn, sasa ramani imezidi meza ya baraza, mguu mmoja wa Msumbiji unaning'inia.

Jumapili ijayo tunaendelea. Mwenye meza kubwa maeneo ya Tandika, Temeke, hata Mbagala, tunakuja na vizibo vyetu na chai tunanunua wenyewe.

#24 mama_chipsi

Ninayo ya kupangia sahani, mita mbili na nusu, Temeke karibu na stendi. Lakini mje asubuhi, saa kumi jioni nawasha jiko, na kizibo kikiingia kwenye mafuta sirudishi.